Aliyeyaita Maji ya Handel

Nchi ninayoisimulia hamuijui, na kama mnaijua, nyamazeni, maana hata mimi nimejitahidi kunyamaza na ndiyo maana naandika. Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina mito, ina watu wapole wanaopiga makofi wakiambiwa, na ina Kiongozi Mtukufu ambaye, katika mwaka huu ninaoutaja, alikuwa anaumwa nyonga.

Nyonga ya Mtukufu haikuweza kutibiwa nchini. Hospitali zote za nchi alikuwa amezifungua yeye mwenyewe kwa kukata utepe, na anayeifungua hospitali ndiye anayeijua. Akapelekwa Ulaya. Huko akalazwa majuma matatu katika chumba chenye maua, na ukutani palikuwa na kisanduku kilichotoa muziki wa taratibu, wa fidla na zumari, tangu asubuhi hadi jioni. Nyonga ikapona.

Mtukufu akatafakari. Nchini mwake kulikuwa na madaktari, kulikuwa na dawa mara mojamoja, kulikuwa hata na vitanda. Kitu pekee ambacho hakikuwepo ni ule muziki, basi bila shaka ndio ulioponya. Akaamua kuwaletea wananchi wake. Washauri walipomwambia kwamba ala zile ni ghali na wapigaji wake hula mara tatu kwa siku, akasema basi yaletwe majina ya watunzi peke yake, kwa kuwa jina ndilo nusu ya kitu. Akiwa bado uwanja wa ndege akaunda Wizara ya Mlingano na Majina ya Mahali, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila mlima, mto, kijiji na kichochoro kinaitwa kwa jina la mtunzi mkubwa wa muziki, na kwamba taifa zima linapona.

*

Sasa, katika Idara ya Ramani kulikuwa na mchoraji aliyeitwa Kondo Lukindo. Ujana wake aliumaliza akiitembea nchi kwa miguu na kuuliza wenyeji majina ya vijito na vilima, na utu uzima wake alikuwa akiumalizia mezani, kwa kalamu ya wino na wembe. Wembe ulikuwa wa kukosoa makosa. Ramani kuu ya nchi ilichorwa juu ya kitambaa kigumu chenye nta, na jina lililokosewa halikufutwa bali lilikwanguliwa polepole, mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Katika miaka thelathini na moja Bwana Kondo alikuwa amekwangua majina tisa tu, na kila moja lilimnyima raha.

Hapa sina budi niwaeleze desturi ya nchi ile, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwao mtu akifika mahali pageni, hatui mzigo wake kabla ya kuuliza, "Hapa panaitwaje?" Mahali hupewa jina na wale waliotangulia kupatwa na jambo pale, na wao huliacha liwe wasia kwa wanaokuja nyuma. Pakiitwa Kivuli Kingi, mgeni hutua, hupumzika. Pakiitwa Chatu Wawili, husema ahsante, akaendelea na safari. Haulizi la pili. Kuuliza la pili ni kuwatukana waliokufa, kana kwamba walikufa bila sababu.

Basi Bwana Kondo alijua kwamba ramani yake haikuwa picha ya nchi tu. Ukianzia mlima mkubwa na kuyafuata majina kuelekea kusini, ulisoma hivi: Mvua Siku Tatu, kisha Vijito Hukutana, kisha Ng'ombe Juu, kisha Maji Hurudi. Ilikuwa barua.

Maji Hurudi ulikuwa uwanda mpana, mkavu, tambarare kama meza, usio na kibanda hata kimoja. Kondo aliufikia akiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Aliwakuta wanawake waliobeba chumvi wakiuzunguka uwanda kwa mwendo wa nusu siku, ilhali kuukata katikati ni mwendo wa saa moja. Wakamwambia jina. Yeye, kwa ujinga wa msomi, akauliza la pili: maji hurudi kila baada ya miaka mingapi? Mmoja wao akamtazama kwa huruma, akamjibu kwamba wao hawakuachiwa hesabu, waliachiwa jina.

*

Waziri wa Mlingano aliitwa Mheshimiwa Nyangasa, daktari wa heshima wa vyuo vinne, kimoja kati ya hivyo kikiwa cha kweli. Aliingia Idara ya Ramani na kitabu chenye picha za watunzi, alichokinunua akisubiri ndege, akamwamuru Bwana Kondo atoe wembe. Kwa miezi sita Kondo alikwangua. Vumbi la nta lilijaa mapajani mwake, na jioni alilikung'uta nje ya mlango, akijihisi kama mtu anayetupa majivu ya jamaa zake.

Kazi ya kugawa majina haikukosa vishindo. Wananchi wa chini ya mlima mkubwa, ambao sasa uliitwa Beethoven, walituma ujumbe kulalamika kwamba wamepewa kiziwi. Waziri akawajibu kwa upole kwamba serikali imetafuta sana na haikuona mtu mwingine anayefaa zaidi kuyapokea malalamiko yao. Tarafa ya Bach, iliposikia kwamba mwenye jina alizaa watoto ishirini, ilifunga kliniki ya uzazi wa mpango kwa heshima yake. Vivaldi, aliyetungia misimu minne ya mwaka, alipewa wilaya yenye misimu miwili tu, masika na kiangazi. Mkuu wa Wilaya akaandikiwa barua ya kuulizwa misimu mingine miwili imekwenda wapi, naye akaomba apewe hadi Desemba. Majimbo yaliyopiga kura vibaya yalipewa watunzi ambao hata kitabu chenyewe hakikuwa na picha zao.

Mkandarasi wa daraja la mto Schubert ndiye aliyeelewa sera kuliko wote. Alijenga hadi katikati ya mto, akafungasha vifaa. Alipoitwa kujieleza, alifungua kitabu cha Waziri mwenyewe, akaonyesha mahali palipoandikwa kwamba mtunzi huyo aliiacha kazi yake kubwa nusu, akasema yeye ni nani hata amzidi mwenye jina. Akapewa nishani, na watu wa ng'ambo wakaendelea kuvuka kwa kuogelea.

Ili wananchi wasichanganyikiwe, ilipitishwa Sheria ya Mlingano, iliyokataza kutamka jina lolote la zamani. Aliyelitamka alisimamishwa juani mbele ya ofisi ya wilaya, atamke majina mapya mia moja kwa lafudhi sahihi mpaka ofisa aridhike. Na kwa kuwa hakuna ofisa aliyeijua lafudhi sahihi, wengine walisimama siku nyingi.

*

Siku moja Mheshimiwa Nyangasa aliinamia ramani, akaweka kidole kwenye uwanda wa kusini.

"Mbona mahali pazuri hivi hapana hata nyumba moja?" akauliza.

Jina lilikuwa bado lipo, chini ya kucha ya Waziri, kwa mwandiko wa ujana wa Kondo. "Ni kwa sababu ya jina lake, Mheshimiwa," akasema. "Watu wa kule wanasema..."

"Bwana Kondo, majina ya zamani hayajadiliwi. Mimi nimeuliza habari za nyumba."

"Hakuna aliyewahi kujenga, Mheshimiwa."

"Basi tumebahatika," akasema Waziri. "Hakuna hata wa kumhamisha."

Akaamua kwamba hapo ndipo patajengwa Mji wa Kielelezo, nyumba mia nne zenye bati jekundu, na akamwachia Kondo auchagulie mtunzi yeyote atakayempenda, kama zawadi ya utumishi mwema. Kondo alikichukua kile kitabu, akakisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa bidii ambayo mwenye kitabu hakuwahi kuwa nayo. Akamkuta Handel. Iliandikwa kwamba alipata kumtungia mfalme muziki wa kupigwa mtoni, wapigaji wakiwa ndani ya mashua. Kondo alijiambia kwamba ameuficha wasia mahali ambapo sheria haitauona, na mwenye akili ataelewa. Akakwangua Maji Hurudi, akaandika Handel, tena kwa wino wa buluu.

Ninampenda Bwana Kondo, ndiyo maana nitasema ukweli wake. Alikuwa mwoga. Alikuwa na kinywa na hakukitumia, akatumia wino wa buluu badala yake, na usiku ule alilala vizuri.

Waziri alifurahi mno. Alisoma habari za mashua na mfalme, akaona kwamba mji huu umeandikiwa starehe. Akaagiza ufunguliwe kwa sherehe ya muziki, na ili mandhari yapendeze, ufunguliwe masika.

*

Habari ambazo Kondo hakuzitarajia zililetwa na bintiye, Semeni. Alikuwa mkunga, mjane mwenye watoto wawili, amelelewa katika mji mkuu, kwenye chumba kimoja cha kupanga ambako hata jiko lilikuwa la zamu. Alikuja na barua mkononi: amepangiwa zahanati ya Mji wa Kielelezo, na nyumba juu. Nyumba ina bomba ndani. Alilitaja bomba mara tatu.

Kondo akaisoma barua mpaka mwisho. "Handel," akasema. "Unajua habari zake huyo Handel, mwanangu? Alikuwa mtu wa maji."

"Vizuri," akasema Semeni. "Huko si ndiko tutakakokuwa na bomba?"

Alingoja aulizwe zaidi, na Semeni hakuuliza, maana alikuwa akimpima mtoto wake mkubwa viatu. Kuta za chumba zilikuwa nyembamba, na jirani wa kulia alikuwa balozi wa Mlingano wa mtaa. Kondo akanyamaza. Semeni akahamia na wanawe, na miezi ikapita. Semeni aliandika barua kwamba amepanda mchicha nyuma ya nyumba na umeota upesi ajabu, udongo ule una rutuba asiyoijua imetoka wapi. Babake alijua imetoka wapi, akaikunja barua, akaitia mfukoni, akaenda kazini.

*

Asubuhi ya siku ya sherehe, simu ya Idara ya Ramani ililia kabla Kondo hajapanda lori la kwenda Handel. Alikuwa karani wa kituo cha mlimani, mtu mdogo kwake kwa miaka michache, waliyejuana tangu enzi za kutembea kwa miguu.

"Mzee Kondo, shikamoo. Nakupigia tu kukuarifu kwamba hapa Beethoven kunanyesha."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Leo ya tatu. Sina zaidi. Nimeona nikuarifu tu."

Wote wawili walijua kwa nini simu imepigwa, na wote wawili walikata bila kusema. Ndani ya lori, Kondo aliyarudia majina mapya kichwani: Beethoven, Liszt, Chopin, Handel. Yalikuwa mazuri kuyasikiliza, na hayakumwambia mtu chochote.

Handel mbingu ilikuwa safi. Jukwaa lilikuwa limesimikwa katikati ya uwanja, refu, lenye paa la bati na viti vya sponji. Bendi ya polisi ilijifunza kipande kimoja cha Handel kwa miezi mitano na ilikuwa tayari kukirudia mpaka jioni. Wananchi walisombwa kutoka vijiji vya mbali, waje na mikeka na masufuria yao, na waliposhuka waliwauliza askari wa mapokezi, kwa mazoea, "Hapa panaitwaje?"

"Handel," wakajibiwa.

Wakatazamana. Hawakuuliza la pili, maana desturi ilikataza, lakini la kwanza nalo halikuwa limejibiwa. Wakasimama na mizigo yao vichwani. Saa nzima walisimama hivyo, mpaka mama mmoja mjamzito shingo ikamshinda, akatua sufuria lake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Tangu nchi ile iwe nchi, ilikuwa mara ya kwanza watu kutua mizigo bila kujua wako wapi. Kondo aliona yote hayo kutoka jukwaani, na aliona pia, kwenye kibaraza cha zahanati, Semeni ndani ya gauni jeupe, na watoto wake wawili, na nyuma yake madirisha ya wodi ambamo wanawake watatu walikuwa wamejifungua juma lile.

Kazi ya Kondo siku ile ilikuwa kusoma orodha ya majina mapya kwenye kipaza sauti, kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kuyatamka bila kupumzika katikati. Akaanza. Makofi yalipigwa kila baada ya jina. Mheshimiwa Nyangasa alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, na hotuba yake ya kurasa arobaini ilikuwa imelala mapajani. Kondo alipofika jina la mwisho, aliishusha karatasi. Alimtazama Semeni. Aliona aibu kubwa, kubwa kuliko hofu, na nadhani ndiyo iliyomsukuma.

"Hapa," akasema, "panaitwa Maji Hurudi. Na kule mlimani panaitwa Mvua Siku Tatu, na leo ni siku ya tatu. Kilima kile mnachokiona kinaitwa Ng'ombe Juu."

Hakuna aliyepiga kelele. Yule mama mjamzito alijitwisha sufuria lake. Mikeka ikakunjwa. Watu elfu mbili waligeuka, wakaanza kutembea kuelekea kilimani bila kusukumana, wengine wakisema ahsante. Hata nusu ya bendi ilishuka, wale waliozaliwa shamba. Semeni alibaki amesimama akimtazama babake. Kisha akaingia wodini, akatoka na kitoto kichanga kila mkono, wanawe wawili wakimshika gauni, mama wa vichanga wakiegemeana nyuma yake, na kichanga cha tatu kikibebwa mgongoni na mpiga tarumbeta.

Kondo alikamatwa papo hapo, akakalishwa kwenye kiti cha sponji kati ya askari wawili. Mheshimiwa Nyangasa, kwa kuwa ratiba ni ratiba, alisimama mbele ya uwanja mtupu, akaanza kusoma hotuba.

Alikuwa ukurasa wa kumi na moja, akieleza mafanikio ya sekta ya ukame, maji yalipofika. Hayakuja na ghadhabu. Yalikuja mapana, ya rangi ya chai, yakitambaa baina ya nyumba kama mwenyeji anayerudi kwake na kukuta wageni. Waziri aliyaona, akakumbuka ya mfalme na mashua, akasita kusoma ili aipongeze kamati ya maandalizi kwa ubunifu wake. Kamati ilikuwa imekwisha kupanda juu ya paa. Alielewa maji yalipofika kwenye viatu, na wakati huo mtu pekee aliyempa mkono wa kumpandisha alikuwa mshtakiwa.

Walikaa juu ya bati siku mbili. Hakuna aliyekufa.

*

Tume iliundwa, ikakaa miezi minne katika hoteli iliyoko mbali na mto. Ripoti yake ni andiko la kitaalamu na nimeisoma mara mbili. Ilisema kwamba kwa muda wote ambao uwanda ule uliitwa Handel, yaani miezi tisa kamili, haukuonekana hata na dimbwi. Mara tu mshtakiwa alipolitamka jina la zamani, tena kwa kipaza sauti cha serikali chenye uwezo wa kusikika mbali, maji yakaja ndani ya dakika arobaini. Tume haikuona haja ya kutafuta chanzo kingine. Maji yalikuwa yamesahau njia, na Bwana Kondo Lukindo ndiye aliyeyaita.

Alihukumiwa kutotamka jina la mahali popote, la zamani wala jipya, kwa miaka kumi. Akitaka kwenda sokoni aseme pale, akitaka kwenda msibani aseme kule. Wembe wake ukatunzwa makumbusho.

Semeni alikuja kumwona siku ya hukumu. Walikaa kwenye benchi nje ya mahakama.

"Ulijua tangu lini, baba?"

"Tangu ujana wangu."

"Na ukaniacha nipande mchicha."

Kondo alilia, mzee mzima, mbele ya watu, na bintiye hakumkataza wala hakumfuta machozi, ila hakuondoka.

Serikali, kwa upande wake, haikukata tamaa. Mtukufu alitangaza kwamba Mji wa Kielelezo utajengwa upya mahali pengine, uwanda mpana na mzuri zaidi, ambao nao kwa bahati haukuwa na nyumba hata moja. Katika ramani mpya unaitwa Brahms. Kwa kuwa alionyesha ushupavu, Semeni alikuwa wa kwanza kupangiwa nyumba huko, safari hii yenye mabomba mawili.

Lori la kuhamisha watumishi lilimkuta nyumbani kwa babake, mzigo uko kichwani, watoto wamevaa viatu. Dereva akapiga honi. Semeni alipiga hatua moja, akasimama, akageuka.

"Baba," akasema. "Brahms panaitwaje?"

Balozi wa Mlingano alikuwa dirishani, amesimamisha masikio. Bwana Kondo aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akamwendea mwanawe, akamnong'oneza sikioni maneno mawili. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele, akijua ya kuwa watakuja kumchukua.

Semeni hakuuliza la pili. Alimwambia dereva ahsante, akarudi ndani na mzigo wake.

Jina hilo ningewaandikia hapa kwa furaha, lakini nami ninaishi katika nchi yenye sheria. Nitawapa ushauri tu, kama mtu asiyejua kitu: nyumba za Brahms ni nzuri na zimekwisha kufunguliwa, mkipita mzitazame, lakini msitue mizigo.